Karakana ya Jumamosi: Breki Kwanza

Waliosoma safu hii katika toleo lililopita wanakumbuka tulipoishia. Honda ya marehemu Babu ilikuwa imesimama katikati ya karakana yetu, ubavu umefunguliwa, nasi tumeizunguka kama watu waliokwenda kumtazama mgonjwa. Tuliahidi kwamba safari hii tutawaletea habari njema. Tunayo: injini inawaka. Lakini tunayo na nyingine ambayo si njema, na tumekubaliana tuiandike kama ilivyotokea, maana imetufunza zaidi kuliko ile ya kwanza.

Kwa wanachama wapya, tueleze kwa ufupi. Babu alikuwa mlezi wa chama chetu. Alitoka Unguja akiwa kijana, akafanya kazi za zamu katika mji huu mpaka akastaafu, na kila mwaka alikuja kwenye hafla yetu, akakaa mbele na kutusahihisha ngeli mbele ya wageni. Alipofariki, mkewe, ambaye sote tunamwita Bibi, alitufungulia kibanda cha nyuma ya nyumba yake. Ndani yake, chini ya shuka kuukuu, ilikuwapo Honda C70 ya mwaka 1979, ile aliyokuwa akiendea kazini. Magoti yalipoanza kumsumbua aliiegesha, na haikutoka tena. Bibi akatukabidhi ufunguo kwa sharti moja: "Msiiuze, wala msiifanye pambo. Mkishaitengeneza, niiteni nije niisikie."

Si pikipiki ya fahari. Ni mtoto wa ukoo wa Super Cub, ulioanza kuuzwa Japani mwaka 1958. Soichiro Honda alishughulika na injini, na mwenzake Takeo Fujisawa alitaka chombo ambacho hata mchukuzi wa tambi za soba angeweza kukiendesha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika sinia. Ndiyo maana haina mkono wa klachi: klachi hujishika na kujiachia yenyewe kufuatana na kasi ya injini, na gia hubadilishwa kwa mguu. Kufikia Oktoba 2017 ukoo huo ulikuwa umetimiza pikipiki milioni 100. Bibi haiiti pikipiki. Kwake ni "Honda", basi.

Kanuni ya karakana yetu mnaijua: ukishavuka mlango, ni Kiswahili tu. Tulidhani ni jambo jepesi, kwa kuwa wengine wetu tunachambua tenzi darasani. Siku ya kwanza tu mwenzetu wa Goma alipiga kiki mara kumi, akageuka na kutuambia, "Moto inakatala!" Wawili kati yetu walikimbilia ndoo ya maji. Kumbe kwao moto ndiyo pikipiki yenyewe. Kinachoitwa plagi Tanga, yeye anakiita buji. Tuliandika orodha ya maneno ukutani, na sasa inakaribia kugusa dari. Mwalimu wetu wa isimu alikuja kuipiga picha.

Turudi kwenye kazi. Injini iliyolala miaka mingi kwa kawaida haikatai kuwaka kwa sababu kubwa. Inataka mafuta, hewa na cheche kwa wakati wake, na mara nyingi kimojawapo kimezibwa na uchafu tu. Tulianza na tangi, ambalo kwenye pikipiki hii limekaa chini ya kiti. Petroli ya zamani ilinuka kama rangi ya milango, na ndani kulikuwa na kutu. Bibi alipoelezwa kwenye simu alicheka. "Shaba tulikuwa tukisugua kwa ukwaju na ndimu. Nyinyi hamna ndimu huko chuoni?" Hakuwa mbali na ukweli. Tulitumia asidi ya sitriki, ule unga unaouzwa madukani kwa kuondolea ukoga wa chokaa kwenye birika. Tuliukoroga katika maji ya moto, tukalijaza tangi na kuliacha usiku kucha. Asubuhi maji yalitoka meusi. Tukasuuza kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuua asidi, tukalikausha haraka kabla kutu mpya haijaanza.

Hapo tuongeze neno kuhusu petroli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa Uingereza ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hunyonya maji kutoka hewani, na huharibu mipira na sili za vyombo ambavyo havikutengenezwa kwa ajili yake. Kwa pikipiki ya umri huu tunanunua E5, ile ya bei ya juu kidogo, na hatuiachi ikalala ndani ya kabureta majira yote ya baridi.

Kabureta ilikuwa imeziba kabisa. Jeti zake zina vitundu vidogo kuliko tundu la sindano, na petroli iliyokauka huacha gundi humo. Tulizizibua kwa dawa ya kusafishia na uzi mmoja wa nailoni. Waya wa chuma usitumie, maana ukikipanua kitundu hata kidogo, injini itakunywa mafuta kupita kiasi na hutajua kwa nini.

Kisha zikaja skrubu. Tuliharibu vichwa viwili kabla hatujatanabahi. Baba mdogo wa mmoja wetu ni fundi wa pikipiki Tanga, na tulipomwonyesha kwa simu ya video aliuliza kwanza, "Mbona mnaikaba kama mwizi? Igonge kichwani kwa nyundo ndogo, ishtuke, ndipo uizungushe." Ushauri huo ulituokoa. Nusu ya pili ya jibu tuliipata kwenye duka la vifaa: skrubu za Kijapani za enzi hizo zina msalaba wa vipimo vya JIS. Ukiutazama utasema ni ule ule wa bisibisi ya kawaida ya Phillips, lakini sivyo. Bisibisi ya Phillips hupanda na kuutafuna msalaba. Tulinunua moja ya JIS, na tangu siku hiyo hakuna kichwa kilicholiwa.

Cheche ilikuwa kazi ya Jumamosi nne. Kwenye injini hii pointi zimejificha nyuma ya flaiwili, upande wa kushoto, na unazifikia kupitia vidirisha vyake. Nyuso zake zilikuwa zimefanya ukungu wa kijivu. Tulizipitishia msasa mlaini kabisa, kisha kipande cha kadi safi ili kuondoa vumbi, tukapima nafasi kwa fila geji: milimita 0.35, katikati ya 0.3 na 0.4 zinazotakiwa. Zinapaswa kuanza kufunguka pale alama ya F kwenye flaiwili inapokutana na alama ya kwenye bodi ya injini. Tulipima valvu injini ikiwa baridi, milimita 0.05 kila moja, tukabadilisha oili na kufunga plagi mpya.

Jumamosi ya kumi na moja, mwezi wa Februari, mwenzetu wa Goma akapiga kiki ya nne, na injini ikakohoa, ikatema moshi, kisha ikatulia na kuanza kunguruma polepole. Tulipiga kelele hadi mlinzi wa jengo akaja. Tukampigia Bibi simu na kuiweka karibu na eksozi. Akanyamaza kwa muda, halafu akasema, "Ndiyo yenyewe." Na baada ya hapo: "Kesho Jumapili nakuja kuiona ikitembea."

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tulisifiwa saa tisa alasiri, na kufikia saa kumi na mbili maji yalikuwa yamekwisha kutiwa. Kesho yake mgeni anakuja. Pikipiki inawaka. Kilichobaki, tukasema, ni breki tu.

Itazameni hiyo "tu". Injini tuliipa Jumamosi kumi na moja. Breki tulizipa saa tatu. Tulifungua gurudumu la mbele, na mmoja wetu akapuliza vumbi la ndani ya dramu kwa mdomo. Viatu vya breki tuliviona bado ni vinene, tukaridhika. Tukapaka grisi kwenye kile kipande cha chuma kinachozunguka na kuvipanua viatu, tena tukaipaka kwa ukarimu. Tukafunga. Mkono wa breki ulikuwa mgumu kubana, tukaambiana, "Sikia, breki kali hii." Tukaenda kulala.

Jumapili asubuhi tulipata ruhusa ya kutumia uwanja wa kuegesha magari, ambao siku hiyo huwa mtupu. Aliyepanda ni mwenzetu wa mwaka wa pili, mwenye mafunzo na kofia nzuri, na mwepesi kuliko sote. Alizunguka mara moja taratibu. Mara ya pili alitia gia ya pili, mwendo usiozidi wa mtu anayekimbia. Mwisho wa uwanja akabana breki ya mbele, na haikutokea kitu. Akakanyaga ya nyuma. Gurudumu likakwama, tairi ikateleza kwenye lami yenye unyevu, na Honda ya Babu ikaingia kwenye mapipa ya taka, naye akaenda chini amejikinga kwa mkono wa kulia.

Bibi alifika dakika chache baadaye, na sahani ya vitumbua mkononi. Hakuitazama Honda. Aliiweka sahani ukutani, akapiga magoti pale chini, mwanamke wa miaka sabini na kitu, akamwuliza, "Mwanangu, vidole vinacheza?" Vilicheza. Tukaita teksi, akapanda pamoja nasi.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimeteguka, hakikuvunjika. Alhamdulillahi. Lakini ulikuwa mkono wa kuandikia, na wiki mbili mbele kulikuwa na mtihani wa insha. Tunawashukuru walimu waliomwongezea muda. Hata hivyo aliandika kwa maumivu, na maumivu yale sisi ndio tuliyoyasababisha.

Tulipokuwa tukingoja pale hospitalini hakuna aliyethubutu kumtazama Bibi. Mmoja wetu akajaribu, "Bibi, lami ilikuwa na unyevu." Kweli ilikuwa. Lakini nchi hii lami haina unyevu lini? Bibi akakaa kimya kitambo, halafu akasema, si kwa ukali, kama mtu anayekumbuka tu: "Babu yenu alikuwa hapandi mpaka aisukume kwanza. Hatua tatu, anabana mbele. Hatua tatu, anakanyaga nyuma. Kila alfajiri nikilala nikisikia zile hatua na ule mshindo wa kusimama, ndipo anapiga kiki. Mimi nilijua anaondoka kabla injini haijawaka."

Jumamosi iliyofuata tulifungua tena, bila haraka. Tulichokikuta tunakiorodhesha hapa, kila kosa peke yake, kwa sababu yeyote mwenye pikipiki ya zamani anaweza kuyafanya haya.

Kosa la kwanza ni ile grisi ya ukarimu. Ilikuwa imesukumwa hadi kwenye bitana za viatu. Bitana iliyonyonya grisi haifai tena. Usiisugue kwa petroli ukajidanganya kwamba imepona. Nunua viatu vipya. Grisi inayotakiwa pale ni ya kupakwa kwa ncha ya kidole na kufutwa inayozidi.

La pili, viatu vyenyewe. Ni kweli bitana ilikuwa nene, lakini unene si kipimo pekee. Bitana hizi zimeshikizwa kwa gundi, na gundi ya miaka mingi huachia. Kimoja kilikuwa kimeanza kubanduka ukingoni, kiasi cha kupitisha ukucha. Kingebanduka chote kikiwa kasini, kingeweza kulikamata gurudumu la mbele ghafla. Tuseme wazi: kwa mapipa yale ya taka, tulipona kwa bei nafuu.

La tatu ndilo lililotuaibisha kuliko yote. Mkono wa breki ulikuwa mgumu, nasi tukauita ukali. Kumbe ugumu ule ulikuwa wa kebo. Ndani ya ganda lake ilikuwa na kutu, na nguvu ya mkono ilikuwa ikiishia njiani. Breki nzuri ya dramu huanza kwa ulegevu kidogo, kwenye pikipiki hii sentimita mbili hadi tatu kwenye ncha ya mkono, kisha ukifika unaposhika unahisi uimara. Ukiachia, mkono unarudi wenyewe. Wetu ulikuwa ukirudi kivivu, tukaona, na hatukujiuliza.

La nne, tairi. Kila tairi ya kuanzia mwaka 2000 ina tarakimu nne ubavuni: mbili za wiki na mbili za mwaka. Yetu ya nyuma iliandikwa 3406, wiki ya 34 ya mwaka 2006. Vijiti vyake vilikuwa vizima kama vya dukani, ndiyo maana tuliipenda. Lakini mpira wa umri huo umekuwa mgumu, na juu ya lami yenye unyevu mpira mgumu hauna pa kushika.

La tano halikumwangusha mtu siku ile, lakini lingeweza kumdhuru mmoja wetu polepole. Bitana za breki za zamani huenda zikawa na asbesto, ambayo Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Vumbi lake halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu. Vaa barakoa inayofaa, lowesha, futa kwa kitambaa chenye maji, tia kitambaa kwenye mfuko na uufunge. Halafu uliza halmashauri yako namna ya kuutupa.

Tulipokuwa tukifanya hesabu ya makosa haya, mmoja wetu aliuliza: kwani wakaguzi hawangeyaona? Jibu linafaa kujulikana na kila anayenunua chombo cha zamani hapa. Gari au pikipiki iliyotimiza miaka 40, kama haikubadilishwa kwa kiasi kikubwa, imesamehewa ule ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT. Wengi huusikia msamaha huo kama zawadi. Maana yake nyingine ni kwamba hakuna atakayezipima breki zako na kukwambia usitoke. Sheria ikinyamaza, wa kuuliza ni wewe. Tumeamua Honda yetu tutaipeleka ikaguliwe kwa hiari, na ada itatoka kwenye mauzo ya maandazi.

Na tumebadilisha utaratibu wa karakana. Kuanzia sasa chombo chochote kitakachoingia humu kitaanza kwa kusimama, kisha ndipo kiende. Breki, kebo, tairi, beringi za magurudumu, nati za ekseli, halafu injini. Tunajua ni vigumu. Injini inavutia: ikiwaka, kila mtu anasikia, mnapiga simu, mnapigiwa makofi. Breki hazina sauti. Hakuna anayepigiwa makofi kwa pikipiki iliyosimama pale ilipotakiwa kusimama. Ndiyo maana kazi hiyo huachwa hadi jioni, ifanywe na watu waliochoka.

Tulinunua viatu vipya, mbele na nyuma, kebo mpya, tairi mbili na tyubu zake. Gharama yake ilizidi yote tuliyotumia kwenye injini. Mwenzetu wa mwaka wa pili alikataa kukaa pembeni. Kwa wiki tatu alikuwa akituamuru kwa mkono wa kushoto. Yeye ndiye aliyekagua kila nati baada yetu.

Jumamosi iliyopita Bibi alikuja tena, na vitumbua vingine. Bandeji ilikuwa imekwisha kutoka. Hatukuwasha. Mwenzetu aliishika Honda kwa mikono miwili, akaisukuma hatua tatu na kubana. Gurudumu la mbele likasimama pale pale. Akaisukuma tena hatua tatu, akakanyaga. Ikasimama.

Bibi alikuwa ameegemea mlango, macho ameyafumba.

"Haya," akasema. "Sasa piga kiki."

Toleo lijalo, inshallah, tutaingia kwenye taa na umeme wa volti 6, ambao hadi sasa unamulika kama kibatari. Mwenye kujua waya kuliko sisi, na si kazi ngumu kutushinda, aje Jumamosi saa nne asubuhi. Aje na glavu, na ajue kwamba mlangoni tunaacha Kiingereza.